Mwanzilishi Mmoja au Waasisi Wengi? Uhakiki wa Masimulizi ya Kuasisiwa kwa Shule za Muziki Afrika Mashariki, kwa Kuzingatia Arua na Koboko

Ikisiri

Masimulizi ya kuasisiwa kwa shule za muziki Afrika Mashariki hufuata kaida moja: palikuwa patupu, akaja mtu mwenye maono, shule ikazaliwa. Makala haya yanahakiki kaida hiyo kwa kutumia mfano wa Dhow Countries Music Academy (DCMA) ya Zanzibar, iliyoasisiwa mwaka 2001, kisha yanauliza inatufundisha nini tunapofikiria shule ya muziki katika eneo la West Nile nchini Uganda, hususan Arua na Koboko. Hoja ya msingi ni kwamba masimulizi ya mwanzilishi mmoja huficha mambo matatu yanayoamua uhai wa shule: walimu waliokuwapo kabla yake, chanzo cha fedha zake, na lugha ya kufundishia. Makala yanahitimisha kwamba uongozi wa awali upimwe kwa kile kinachobaki mwanzilishi anapoondoka.

1. Utangulizi

Tunapohakiki riwaya hatuulizi tu nani shujaa. Tunauliza pia nani amenyimwa sauti ili shujaa asikike. Swali hilo ni nadra kuulizwa kuhusu masimulizi ya taasisi zetu za sanaa, ingawa nayo ni matini: yana msuko, wahusika, mandhari na kimya chake. Husomwa katika vitabu vya maadhimisho, taarifa kwa wafadhili, hotuba za mahafali na habari za magazeti. Yanarudiwa mara nyingi kiasi kwamba mtu anayetaka kuanzisha shule mpya huyachukua kuwa ramani.

Hapo ndipo uhakiki unapokuwa na kazi. Hasara ya riwaya yenye msuko dhaifu ni ya msomaji, ilhali ramani yenye kasoro humpoteza msafiri pamoja na wote anaowaongoza. West Nile ni eneo lenye muziki mwingi, vijana wengi, wakimbizi wengi na miradi mingi ya muda mfupi. Shule ya muziki ikiasisiwa Arua au Koboko kwa kufuata masimulizi yenye mapengo, itarithi mapengo hayo.

2. Kaida za masimulizi ya mwanzilishi

Masimulizi haya yana hatua zinazotambulika kwa urahisi. Kwanza hutangazwa utupu: muziki wa mahali fulani ulikuwa ukifa na hapakuwa na pa kujifunzia. Pili huja mwenye maono, mara nyingi kutoka nje ya jamii au aliyerejea kutoka masomoni. Tatu hupatikana jengo. Nne huonyeshwa kijana maskini aliyebadilishwa maisha na ala. Mwisho huja ziara ya ng'ambo na makofi.

Fasihi ya Kiswahili inazo njia nyingine za kumsimulia mtu mkubwa. Tumtazame Fumo Liyongo, shujaa ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913. Kwa nguvu za mwili hakuna aliyemshinda, lakini alipofungwa gerezani hakuokolewa na nguvu hizo. Mama yake alificha tupa ndani ya mkate, kijakazi Saada akaufikisha, na wapiga gungu wakapiga ngoma yao kwa kishindo hadi mlio wa tupa juu ya pingu usisikike. Shujaa aliokolewa na mama, mjumbe na kundi la wanamuziki, na mapokeo yanawataja wote. Vivyo hivyo, Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad anamtukuza msanii wake bila kuficha kwamba Siti, mtoto wa Fumba, alifunzwa na wanamuziki waliomtangulia kabla sauti yake haijafika Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Sifa yake haikupungua kwa kutajwa walimu wake.

Kwa hiyo kaida ya mwanzilishi aliyetenda peke yake haitokani na uchache wa mifano katika utamaduni wetu. Inatokana zaidi na maombi ya ufadhili, ambayo humtaka mwombaji athibitishe kwamba pasipo yeye hakuna kitu. Utupu hutangazwa kwa sababu ndio unaolipiwa.

3. DCMA: kilichosimuliwa na kilichonyamaziwa

DCMA inafaa kuwa kielelezo kwa sababu ilifanikiwa. Iliasisiwa mwaka 2001, ikaanza kufundisha mwaka 2002, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa jengo la forodha ya zamani pale Mizingani, Mji Mkongwe. Jina linalotajwa mwanzoni mwa habari zake ni la Hildegard Kiel, Mjerumani aliyeiongoza katika miaka ya mwanzo. Hakuna sababu ya kupunguza kazi yake. Kupata jengo, kusajili asasi, kutafuta ala na kuwalipa walimu kila mwezi ni kazi ngumu, na watu wengi wenye mapenzi na muziki wameshindwa hapo.

Hata hivyo Zanzibar ya mwaka 2001 haikuwa tupu. Mapokeo ya taarabu yanasimulia kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Nadi Ikhwan Safaa iliundwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Klabu hizi zilikuwa mahali pa kujifunzia: kijana alikaa pembeni ya mpigaji mzoefu, akasikiliza, akabebeshwa ala, akaruhusiwa kushika udi, na baada ya muda akapewa nafasi. Hapakuwa na cheti wala ratiba, lakini palikuwa na mtaala uliokaa katika kumbukumbu za wazee.

Walimu wa DCMA walitoka humo. Mohamed Issa Haji, maarufu kwa jina la Matona, mpigaji hodari wa fidla na udi, ni mtoto wa mwanamuziki wa taarabu Issa Matona. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alihusishwa na shule hiyo akiwa na hazina ya nyimbo na ngoma za unyago zilizoanza kukusanywa kichwani mwake miongo mingi kabla ya shule kuwapo. Tukiwaita watu hawa wafanyakazi walioajiriwa na shule, tumesema ukweli wa kisheria, lakini kihistoria tumeupindua. Wao walikuja na shule mikononi, na asasi ikawapa paa, mshahara na ratiba.

Uhakiki wa haki lazima useme pia kilichokuwa kipya. Katika klabu, wanawake walikuwa waimbaji zaidi kuliko wapigaji wa ala. Shule yenye mlango ulio wazi, ada na saa maalumu ilimwezesha msichana kujifunza ganuni au fidla bila kungoja kukubaliwa na wanaume wa klabu. Aidha, iliweka taarabu, kidumbaki na ngoma chini ya paa moja, aina ambazo kijamii zilikuwa na ngazi tofauti za heshima. Kwa hiyo klabu haikufa ili shule izaliwe. Shule ilichukua maarifa ya klabu na kubadilisha masharti ya kuyafikia. Huo ni uasisi wa kweli, na wenye utata unaovutia kuliko hadithi ya utupu.

Pengo zito zaidi linahusu fedha. Ada ya mwanafunzi wa Zanzibar haikuweza kulipa mishahara ya walimu, hivyo shule ilitegemea wafadhili wa kigeni. Ufadhili mkubwa ulipokwisha mwaka 2016, shule iliyumba, na mwaka 2019 ilitangaza hadharani kwamba inakabiliwa na hatari ya kufungwa. Wakati huo ndipo swali la waasisi lilipoacha kuwa la heshima tu. Ikiwa shule ilisimuliwa kwa miaka mingi kuwa zao la maono ya mtu na ukarimu wa wafadhili, nani Zanzibar angejiona mdaiwa wa kuilinda? Klabu ya mwaka 1905 ilipita katika mapinduzi, uhaba na mabadiliko ya mitindo kwa sababu wanachama wake waliiona kuwa mali yao. Simulizi ya shule haikuwa imemwandaa mtu yeyote kuiona hivyo.

4. Njia ya dola: Bagamoyo na Makerere

Huenda mtu akasema dawa ni dola kuwa mwasisi. Mifano ipo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na miongoni mwa walimu wake walikuwamo wasanii wa kundi la taifa la ngoma lililokuwa limevunjwa. Mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa. Nchini Uganda, idara ya muziki, ngoma na maigizo ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianza mwaka 1971, na Solomon Mbabi-Katana ni miongoni mwa majina makubwa ya kipindi chake cha mwanzo.

Hapa mwanzilishi mmoja hupungua kimo, kwa kuwa dola haina haja ya kuomba fedha kwa hadithi ya maono. Mishahara hupatikana hata mkuu anapobadilika. Lakini njia hii nayo ina kimya chake. Taasisi ya taifa hulazimika kufundisha taifa zima kwa mkupuo mmoja. Ngoma ya kila kabila hupewa dakika zake jukwaani, na mtindo unaohitaji siku tatu za msiba au mavuno hufupishwa uingie katika onyesho la saa mbili. Kutoka Arua hadi Kampala, umbali wenyewe ni mchujo: anayefika Makerere kusomea muziki ni aliyekwisha kufaulu mitihani mingine mingi isiyohusiana na muziki. Mpiga adungu hodari asiyemaliza sekondari hana mlango huko, ama kama mwanafunzi ama kama mwalimu.

5. Arua na Koboko: kilichopo kabla ya shule

West Nile ilihamishwa kutoka Sudan kwenda Uganda mwaka 1914, baada ya kuwa sehemu ya Lado chini ya Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake. Koboko ilitengwa na Arua kuwa wilaya mwaka 2005, na Arua ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Wakakwa wa Koboko wana ndugu zao Sudan Kusini na Kongo, na nchi hizo tatu hukutana Salia Musala. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, watu wengi wa eneo hili walikimbilia Zaire na Sudan. Miongo kadhaa baadaye mkondo uligeuka: kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepokea zaidi ya watu 270,000 kutoka Sudan Kusini.

Historia ya namna hii humshawishi msimulizi kutangaza utupu. Watu walikimbia, wazee walifariki ugenini, kwa hiyo muziki umekufa na tuanze upya. Ushahidi wa masikio unakataa. Adungu, ala ya nyuzi yenye shingo ya upinde inayohusishwa hasa na Waalur, leo huundwa kwa ukubwa tofauti, ndogo kwa sauti za juu na kubwa kwa besi, na hupigwa makanisani na mashuleni kote Uganda. Agwara, baragumu za mti na kibuyu zinazopulizwa kwa ubavu, hupigwa na kundi ambamo kila mpigaji ana sauti yake moja au mbili tu, na wimbo hupatikana kwa kupokezana. John Middleton, aliyefanya utafiti kwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, alieleza kwamba neno lao ongo hujumuisha kucheza na kuimba, kama neno ngoma linavyobeba ala, mchezo na tukio lenyewe katika Kiswahili.

Mambo haya yana athari za moja kwa moja kwa muundo wa shule. Tuchukue agwara. Somo la mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, ambalo ndilo kiini cha shule nyingi zilizoiga Ulaya, haliwezi kuifundisha, kwa sababu mpigaji mmoja hana wimbo. Ana tone moja tu linalosubiri wenzake. Shule itakayopanga ratiba yake kwa masomo ya mmoja mmoja itakuwa imeiondoa agwara bila kuandika popote kwamba imeiondoa. Adungu nayo ina mtihani wake. Ilipoingia kanisani iliwekewa sauti zinazolingana na nyimbo za dini zenye ngazi ya Kizungu, na hilo limeisaidia kuenea. Lakini mwalimu atakayeichukua sauti hiyo kuwa ndiyo pekee sahihi atawafanya wapigaji wa zamani waonekane wamekosea. Maamuzi kama haya hufanywa mwaka wa kwanza na kiongozi wa kwanza, mara nyingi bila kujua kwamba ni maamuzi.

Jengo nalo limetangulia. Huko Bidi Bidi kumejengwa kituo cha sanaa za maonyesho, kilichosanifiwa na kampuni ya Hassell pamoja na LocalWorks ya Kampala, chenye ukumbi wa duara, studio na vyumba vya kufundishia. Matofali yake ni ya udongo ulioshindiliwa palepale, na paa lake hukusanya maji ya mvua. Ni usanifu unaoheshimu mahali. Lakini habari nyingi zilizoandikwa juu yake zinahusu paa na matofali, na chache sana zinataja nani atakayekaa ndani kufundisha na nani atakayemlipa. Ni hatua ya tatu ya kaida yetu, jengo, iliyomeza hatua nyingine zote.

6. Lugha ya kufundishia

Suala la lugha linaihusu hadhira ya kongamano la Kiswahili moja kwa moja. Katika darasa moja la Koboko wanaweza kukaa Mkakwa, Mlugbara, Mnubi, mkimbizi azungumzaye Kiarabu cha Juba, na Mkongo mwenye Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka. Kiswahili kina nafasi ya kweli hapa, lakini hakiingii kikiwa na mikono mitupu. Kiliingia West Nile hasa kupitia jeshi la KAR, polisi na vibarua. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kumbukumbu ya amri na bunduki bado inakiandama katika sehemu nyingi za Uganda. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima mashuleni.

Shule ya muziki ingekipa Kiswahili kazi ambayo amri haiwezi kukipa: kuwa lugha ya kuelekezana kwa upole. Kina hazina ya kutosha. Mahadhi, mizani, kibwagizo, kiitikio, mdundo na kupokezana ni maneno ya mapokeo, si tafsiri za haraka. Kupokezana, hasa, linaeleza mbinu ya agwara kwa usahihi ambao istilahi za kuazima zitauhangaikia. Lakini kazi ya istilahi ipo. Kamusi zetu huiita ala ya aina ya adungu kinubi, ilhali huko Arua na Koboko Kinubi ni lugha ya Wanubi, jamii yenye muziki wake. Mwalimu atakayetangaza darasa la kinubi atapata wanafunzi waliokuja kwa sababu tofauti. Suluhisho la busara ni kuacha ala zibaki na majina yake, adungu iitwe adungu, na Kiswahili kibebe maelezo. Lugha ya kuunganisha inapata heshima inapojua mahali pa kunyamaza.

7. Vigezo vya kuuhakiki uongozi wa awali

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza maswali manne ambayo mhakiki anaweza kuyauliza kuhusu simulizi yoyote ya kuasisiwa kwa shule ya muziki. Je, inawataja walimu wa walimu? Je, inaeleza nani alilipa mwaka wa kwanza na nani angelipa mwaka wa kumi? Je, inaonyesha ni muziki gani uliobadilishwa ili uingie darasani, na nani aliamua? Je, inamwandaa mrithi, au inamfanya kila kiongozi anayefuata aonekane kivuli cha wa kwanza?

Huenda ikadaiwa kwamba maswali haya yanamlemea mwanzilishi, mtu ambaye tayari anapambana na kodi ya pango na nyuzi zilizokatika. Pia ni kweli kwamba wafadhili hupenda hadithi fupi yenye sura moja. Madai haya yana uzito, na shule isiyopata fedha haina historia ya kuhakikiwa. Lakini tofauti ipo kati ya hadithi inayopelekwa kwa mfadhili na ile ambayo shule inajisimulia yenyewe. Ya kwanza inaweza kuwa fupi. Ya pili ikiwa fupi kiasi hicho, siku mfadhili anapoondoka hakuna anayejua shule ni ya nani. Mfano wa Zanzibar umeonyesha kwamba siku hiyo huja.

Kwa Arua na Koboko, hili lina maana mahususi. Wapigaji wazee wa agwara na adungu wawe wajumbe wa bodi tangu siku ya usajili, badala ya kualikwa kama wageni wa mahafali. Wanamuziki wakimbizi wahesabiwe kuwa walimu, kwa maana Mkakwa wa Yei na Mkakwa wa Koboko wana urithi mmoja uliokatwa na mpaka. Makanisa, misikiti na shule za msingi, ambazo tayari zina wanafunzi na vyumba, ziwe na hisa katika uamuzi. Na kiongozi wa kwanza, awe mwenyeji au mgeni, aandikiwe muda wa kuondoka kabla hajaanza.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba simulizi ya mwanzilishi mmoja ni kaida ya kimatini yenye asili yake, faida zake na gharama zake. Mfano wa DCMA umethibitisha kwamba shule inaweza kufanya makubwa, kama kuwafungulia wasichana mlango wa ala, na wakati huohuo ikabaki na simulizi inayoiacha bila wenyewe fedha zinapokauka. Bagamoyo na Makerere zimeonyesha kwamba dola hutatua tatizo la mshahara lakini huleta mchujo wake. Huko West Nile shule bado ina nafasi ya kusimuliwa vizuri tangu mwanzo. Wapigaji wa agwara wanajua kwamba wimbo hauna mwenyewe mmoja. Asiyefika na baragumu yake huacha pengo ambalo kila msikilizaji analisikia. Mhakiki wa masimulizi ya taasisi anapaswa kuwa na sikio la namna hiyo.